Pombe Iliyofukiwa Kijitoni

Bartolomeo alifanya kazi ya kaunta kwa miaka kumi na mmoja katika hoteli moja iliyokuwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kulewa hata siku moja. Watu wa Rhotia walipenda kumtania kwa hilo. Walisema ni kama mpishi anayeshinda njaa. Yeye alicheka tu na kujibu kwamba macho yake yameshiba. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye mikono safi kuliko ya mwalimu, na alikuwa na ugonjwa mmoja ambao haukuwa wa mwilini. Kila jambo la moyoni aliliahirisha. Kazi ya hoteli aliifanya leo leo, ya kwao aliisogeza kesho. Nalisema mapema, maana sipendi hadithi zinazomtetea mtu njia nzima halafu zikamfichua mlangoni.

Alisoma kwa mapadre hadi darasa la nne. Akafanya kazi ya jikoni kwa mzungu mwenye kahawa kule Oldeani, kisha akapanda huko juu kwenye ukungu, akavaa shati jeupe na tai ya kipepeo. Mke wake, Germana, alibaki Rhotia na watoto, na mahindi, na maharage, na ulezi kidogo mteremkoni. Kila baada ya wiki mbili lori la hoteli lilishuka Karatu kuchukua mboga, na Bartolomeo alishuka nalo. Alikaa nyumbani usiku mmoja, ikizidi sana usiku mbili, kisha akapanda nalo tena. Germana alizoea kusema kwamba ameolewa na lori.

Sasa lipo jambo kati yake na baba yake, na jambo hilo ndilo lililomla.

Mwaka wa sabini na tano, Operesheni Vijiji ilipofika kwao, watu walitakiwa wahame kutoka milimani na kukusanyika pamoja chini, kwenye kijiji kimoja kilichopimwa kwa kamba. Ilihitajika orodha ya kaya. Bartolomeo alikuwa likizo, mwandiko wake ni mzuri, na mwenyekiti alimwomba aandike. Akaandika. Alipofika kwenye boma la baba yake, Mzee Lohay, hakumwuliza mtu. Aliandika jina la mzee kama alivyoandika ya wengine. Wiki ya pili mgambo walikuja, wakaezua paa la tembe, wakamshusha mzee na vyombo vyake. Juu kule yalibaki makaburi ya mama yake Bartolomeo, ya babu, na ya watoto watatu waliokufa kwa surua.

Sisemi mzee angeachwa kama jina lisingeandikwa. Wote walishushwa, walioandikwa na wasioandikwa. Lakini jina la Mzee Lohay lilikuwa kwa mwandiko wa mtoto wake wa kwanza, na mzee alionyeshwa karatasi hiyo. Hakusoma, ila aliwajua walioisoma. Siku hiyo hiyo, mbele ya majirani, alisema, "Kinywa changu na chako visikutane tena kwenye kibuyu kimoja."

Katika ukoo wao hilo ni neno zito kuliko kofi. Mtoto aliyekatazwa kibuyu hali nyumbani kwa baba, na baba akifa, yeye hatupi udongo kaburini. Anasimama pembeni kama mpita njia. Neno hilo lina dawa moja tu. Mke wa mkosaji anapika buura, yaani pombe ya kwao, kwa nafaka ya shamba lake mwenyewe. Siku inapoiva, baba na mtoto wanashika kibuyu kimoja kwa mikono minne. Mtoto anakunywa. Baba anajaza kinywa, anampulizia mtoto kifuani, anasema, "Yapoe." Basi. Yanapoa.

Dawa ya asubuhi moja. Bartolomeo aliikalia miaka mitatu. Mwaka wa kwanza alisema mzee bado ana hasira. Wa pili alisema ulezi haukutoka vizuri. Wa tatu mpaka na Kenya ulifungwa, wageni wakapungua, wenzake wengi wakapunguzwa kazini, na yeye aliogopa hata kuomba ruhusa ya kwenda kung'oa jino. Sababu zilikuwepo, tena za kweli. Mtu wa kuahirisha hakosi sababu za kweli.

Mwezi wa sita mwaka sabini na nane alifika hotelini Mjerumani mmoja mzee, peke yake, na ukumbi wote ulikuwa na yeye na kuni zinazolia motoni. Alizungumza Kiswahili cha mashamba ya mkonge ya Tanga, alikokuwa kijana. Bartolomeo alimmiminia bia, na kwa kuzungumza tu akamwambia kwamba wageni wa Kiingereza wakifika hapo humwambia, "Nipe laga," na yeye huwapa chupa yoyote iliyopo, na hawajawahi kulalamika.

"Laga ni neno letu," Mjerumani alisema. "Waingereza wameliazima kwetu, hawajalirudisha."

"Maana yake nini, mzee?"

"Mahali pa kuweka kitu kikae. Ghala. Stoo." Alisogeza glasi yake karibu na taa. "Kule kwetu kusini, zamani sana, wapika bia walikatazwa kupika wakati wa joto, kwa sababu iliharibika. Basi walipika wakati wa baridi, wakaitia mapipani, mapipa wakayaingiza mapangoni, wakayazungushia barafu. Bia ikalala humo miezi. Chachu ilifanya kazi pole pole, ikazama chini. Ukiimimina kwenye glasi, unaona kidole chako upande wa pili. Watu wakaiita bia ya ghalani, bia ya laga. Waingereza walikuwa na bia yao ya haraka, ya kupika leo na kunywa keshokutwa. Walipoonja yetu, wakachukua bia na jina."

Bartolomeo alisimama na kitambaa chake mkononi. Miaka kumi na mmoja alikuwa amelibeba neno hilo kwenye trei bila kulijua. Alifurahi kama mtu aliyeambiwa ukoo wa jirani yake baada ya kuishi naye muda mrefu.

"Na pombe yetu ya ulezi," aliuliza, "nayo ikilazwa?"

Mjerumani alicheka. "Baridi ikitosha, kila kitu kinalala."

Alikuwa mzee wa watu, amechoka, anatania. Asubuhi yake aliondoka na wala hakujua kwamba ameacha kitu. Bartolomeo alilikamata neno lile kama mtoto aliyeokota kisu. Aliwaambia wapishi. Alimwambia Saning'o, mlinzi wa getini, Mmasai aliyekuwa rafiki yake, kwamba bia nzuri ni bia iliyolala. Saning'o alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba kwao hata ng'ombe aliyelala sana wanamwangalia mara mbili.

Mwezi wa nane dereva wa lori alimletea salamu kutoka Rhotia. Mzee Lohay anaumwa kifua na miguu imevimba. Tena, Mzee Martini, jirani yao, amekaa naye siku nyingi akimsihi, na mzee amekubali. Amesema, "Aje na buura."

Bartolomeo aliingia stoo akafunga mlango, akalia. Nadhani alilia kwa furaha zaidi kuliko kwa huzuni, na kwa woga pia. Alimtumia Germana habari, na Germana, ambaye alikuwa amehifadhi kimea cha ulezi tangu mavuno akiingoja siku hiyo bila kumwambia mtu, alisaga, akapika uji, akaupoza, akaweka kimea. Pombe ingeiva Jumamosi. Mzee Martini alipeleka taarifa. Jumamosi asubuhi.

Jumatano Bartolomeo alikuwa kwenye lori la mboga. Lakini kabla lori halijaondoka, meneja alitoka nje akasema kwamba Jumamosi wanakuja wageni ishirini na wanne, kundi la kwanza tangu Pasaka. Aliuliza nani atakaa kaunta. Hakumtaja Bartolomeo. Walikuwepo wawili wengine. Bartolomeo aliona majina ya waliopunguzwa yakimpita kichwani, mkono wake ukapanda wenyewe.

Alifika Rhotia alasiri, akamkuta Germana anakoroga.

"Mama Lusia," alisema, "hii tutailaza hadi Jumamosi ijayo."

Germana hakuacha kukoroga. "Tutaifanya nini?"

Akamweleza. Mapango, barafu, mapipa, chachu inayozama. Alieleza vizuri, kama alivyoelezwa, na alipofika kwenye kidole kinachoonekana upande wa pili, aliinua na kidole chenyewe.

"Pombe si maharage, Baba Lusia. Haiwekwi."

"Ni kwa sababu hatujajaribu. Huu ni mwezi wa baridi. Tutaifukia kijitoni, kwenye kivuli, maji yale ni barafu. Itakuwa nzuri kuliko ilivyopata kuwa. Baba atakunywa pombe ambayo hakuna mzee Rhotia nzima aliyewahi kuinywa."

"Baba anangoja Jumamosi."

"Miaka mitatu amengoja. Siku saba ni nini?"

Germana alimtazama mume wake. Aliniambia miaka mingi baadaye kwamba alitaka kumpiga kwa mwiko ule, na kwamba hadi leo anajuta kwa nini hakumpiga. Badala yake aliendelea kukoroga. Usiku ule pombe ikiwa bado changa, walichimba shimo kando ya kijito, wakaushusha mtungi, wakaziba mdomo wake kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe. Alhamisi Bartolomeo alipanda na lori. Aliacha salamu zipelekwe kwa Mzee Martini kwamba atakuja wiki ijayo, na kwamba anamwandalia baba kitu cha pekee.

Salamu zilifika zimechelewa. Jumamosi asubuhi Mzee Lohay aliomba anawishwe uso. Akavikwa blanketi safi, akatolewa nje na mtoto wake wa pili, Patrisi, akakalishwa juani, akielekea njia. Mzee Martini alipofika kumweleza, ilikuwa saa tano. Mzee alisema, "Haya." Lakini hakukubali kurudishwa ndani. Alikaa pale hadi jua lilipoondoka ukutani.

Wageni ishirini na wanne walikunywa chai.

Wiki ile ilipokwisha, Bartolomeo aliomba ruhusa na akapewa bila neno, jambo ambalo lilimwuma, kwa kuwa alijua angeweza kuipata hata ile Jumamosi ya kwanza. Saning'o alimpa kibuyu kidogo cha asali ampelekee mgonjwa. Alipofika Rhotia hakuingia hata nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kijitoni, Germana nyuma yake.

Kizibo kilikuwa kimepasuka. Inzi wadogo walizunguka mdomo wa mtungi. Waliutoa, wakaufuta, na Bartolomeo akachota kwa kata. Juu pombe ilikuwa imetulia, machicha yote yamezama. Ilikuwa safi kweli. Aliinua kata kwenye mwanga na uso wake ukachangamka, maskini wa Mungu, kwa muda wa pumzi mbili. Kisha akaonja.

Germana hakuhitaji kuonja, harufu ilimfikia alipokuwa amesimama. Ilikuwa siki.

"Nenda ukamwambie ukweli," alisema. "Mwambie nimeharibu, unipe siku nyingine. Ni baba yako."

"Hali yake ikoje?"

"Tangu Jumanne hali chochote."

Bartolomeo alikaa chini kwenye majani. Kimea kilikwisha chote. Kulowesha ulezi mpya, kuuchipusha, kuukausha, kuusaga na kupika kungechukua nusu mwezi, na nusu mwezi mzee hakuwa nayo. Alijua hivyo, na ndiyo maana alifanya alichofanya. Alichuja ile siki, akamimina asali yote ya Saning'o ndani yake, akakoroga. Germana aligeuza uso.

Nyumbani kwa Mzee Lohay moto ulikuwa umewashwa katikati. Mzee alilala kwenye ngozi, mwembamba, macho makubwa. Patrisi na Mzee Martini walimwinua wakamkalisha. Bartolomeo alipiga magoti mbele yake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mitatu kuwa karibu naye kiasi cha kusikia anavyopumua.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umekuja."

Walishika kibuyu kwa mikono minne, na mikono ya mzee ilikuwa baridi na myepesi, haikubeba kitu. Bartolomeo alikunywa, akakaza uso. Kisha akakipeleka kibuyu kinywani mwa baba yake.

Mzee alijaza kinywa. Alifumba macho. Mashavu yake yalitetemeka, na Bartolomeo alifungua shati akangoja kifua wazi. Mzee Martini alianza kusogeza midomo kulisema lile neno pamoja naye. Wakangoja.

Mzee Lohay alimeza.

Alimeza kwa taabu, koo likipanda na kushuka, na ilipokwisha akakohoa kwa muda mrefu hadi Patrisi akamshika kifua.

"Imechacha," alisema. "Na umeitia asali."

"Ndiyo, Baba."

"Asali ya nini?"

Machozi yalimtoka Bartolomeo na hakuyafuta.

"Hii hapuliziwi mtoto," mzee alisema taratibu, akipumzika kila baada ya maneno mawili. "Hii anapuliziwa mtu uliyemchoka. Mimi sijakuchoka." Aliusogeza mkono wake gizani hadi ukampata Bartolomeo begani. "Ingekugusa ngozi, ingewala watoto wako. Nimeimeza. Mwambie Germana apike nyingine. Nitakungoja."

Jioni ile ile Germana alilowesha ulezi. Na Bartolomeo, ambaye kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kukosa kazi hata kwa homa, safari hii hakupanda lori. Alikaa na nafaka. Aliitandaza kwenye majani, akaifunika kwa gunia, akaifunua kila asubuhi kuona kama imechipua. Lakini ulikuwa mwezi wa nane, baridi ya Rhotia inaingia hadi kwenye mifupa, na mbegu hazikuwa na haraka na mtu. Alizihamishia karibu na moto. Alilala kando yake. Mchana alipanda kwa baba, anakaa mlangoni bila kula kitu, maana kula bado kulikatazwa, na mzee akimwona aliuliza, "Imeota?" Naye alijibu, "Bado, Baba. Kesho." Neno hilo la kesho, ambalo maisha yake yote lilimtoka mdomoni kama mate, sasa lilimkwama.

Siku ya sita zilichipua. Siku ya nane alikuwa amezianika juani kwenye mkeka, anazigeuza kwa kiganja, alipomwona Patrisi anashuka njia akiwa ameshika kofia mkononi. Bartolomeo hakusimama. Aliendelea kugeuza kimea hadi mdogo wake alipofika na kumshika mkono auache.

Walimzika juu, kwenye makaburi ya zamani, kwa kuwa alivyoagiza ni hivyo, na mwenyekiti aliangalia pembeni. Katekista Clemensi aliongoza sala. Alikuwa ametoka Mbulu mwaka ule ule, hakuyajua ya kibuyu, na hata angeyajua nadhani angesema ni ya kale. Alipomaliza, alimwita mtoto wa kwanza atupe udongo.

Watu walitazama chini. Mzee Martini alimsogelea Bartolomeo, akamwambia kwa sauti ndogo, "Alikunywa na wewe. Mimi nilikuwepo, nimeona. Ukitaka kutupa, tupa. Hakuna mtu hapa atakayesema neno."

Alisema kweli. Hakuna ambaye angesema neno. Nilikuwa miongoni mwao, na hata mimi nilimwomba kimoyomoyo atupe tuondoke, upepo ulikuwa mkali.

"Alikunywa, Mzee Martini," Bartolomeo alisema. "Hakupuliza."

Akalipokea koleo kutoka kwa katekista, akamgeukia Patrisi, akalitia mikononi mwake. Patrisi alikataa kwa kichwa. Bartolomeo akamkunjia vidole kwenye mpini, kimoja kimoja.

"Anza wewe," alimwambia. "Yeye alingoja. Mimi ndiye sikuja."

Udongo wa kwanza ulimwangukia Mzee Lohay kutoka kwa mtoto wake wa pili. Bartolomeo alirudi nyuma, akawapita ndugu, akawapita shemeji, akasimama nyuma ya majirani, mahali wanaposimama watu waliokuja kutoa pole.